Kompyuta imekuwa kobe? Usiiuze kwanza!

Haya jamani, leo tuache mapenzi kidogo tuongee mambo ya mashine. Huku kwetu Terrat ukikuta kompyuta sebuleni, mara nyingi ni mtumba. Imeshazeekea kwenye ofisi ya Ulaya huko, ikashushwa Dar, ikapanda basi mpaka Arusha. Miezi ya mwanzo inaitika kama askari wa zamu. Baadaye unaiwasha, unakwenda kuchota maji, unarudi bado inazungusha kiduara.

Ya kwetu ndiyo inayolipa ada ya mdogo wangu. Nachapa barua za kuomba kazi, CV na kadi za michango ya harusi. Sasa mteja hana habari na mambo ya diski. Ukimweka robo saa, huyoo, kapanda bodaboda kaenda mjini. Januari ilipofika tulikuwa na wateja wawili kwa wiki, na shule inataka hela. Mama akatamka: "Hilo dude liuzwe."

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Akachungulia sekunde kumi: "Mwanangu, hii imeshakufa. Niachie kwa elfu arobaini nitoe spea, nikupe nyingine kwa laki nne." Kha! Maiti gani hiyo inayonunuliwa? Nchi hii iliwahi kupiga marufuku kuingiza kompyuta, mwaka 1974; leo zinapangwa dukani kama viazi, na kila muuzaji ni daktari.

Nikarudi nayo. Hebu na wewe jaribu: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona nani anakula nguvu za mashine. Ya kwetu prosesa ilikuwa inasinzia na RAM ina nafasi, lakini diski imegota asilimia 100, na hapo sijafungua kitu! Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kijimkono kikihangaika kutafuta faili huku na kule. Ni kama muuza duka anayepanda ngazi kwa kila kiberiti. RAM ingekuwa ndiyo imejaa, ningeongeza RAM. Watu wanainunua tu bila kuangalia.

Nikaanza na vya bure. Programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi nikazizima. Antivairasi zilikuwa mbili, zinagombana kama mitara; nikafukuza moja. Video za harusi nikazihamishia nje. Halafu vumbi, wee acha tu! Kiangazi cha huku unakijua: feni ilikuwa imevaa sweta. Joto likizidi, prosesa inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Chomoa umeme, shika feni isizunguke, safisha kwa brashi laini.

Ikachangamka kidogo. Dawa yenyewe ilikuwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nilikopa kwa rafiki elfu sabini nikapata ya GB 240. Nikanakili mafaili yote pembeni, nikaifunga, nikaweka mfumo upya. Kuwaka kukatoka dakika sita mpaka chini ya moja! Mtu akikwambia uipange upya kila wiki kama diski ya zamani, mkatalie, unaichakaza bure.

Jambo moja bado linanikera. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mitumba mingi ya miaka ya nyuma haikidhi masharti ya Windows 11. Ya kwetu ni mojawapo, kwa hiyo nimeiwekea Linux, ambayo ni ya bure. Barua zinachapika vilevile.

Elfu sabini ya watu ilirudi kabla ya Pasaka, na ada ikalipwa kwa awamu mbili. Mama habari ya kuuza kaimeza, ila kapandisha bei: ukurasa sasa ni mia tano.