Kura Zetu na Homa ya Shangazi

Juzi kwenye foleni ya chakula, kaka mmoja alisema mgao umepunguzwa makusudi, ili tuchoke turudi Kongo wenyewe. Watu wakaitikia: "Ni kweli kabisa!" Mimi nikageuka kumtazama. Sauti ile naijua. Niliwahi kuwa nayo mwenyewe, kule Beni.

Ngoja niwaeleze. Ebola ilitangazwa kwetu Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Tulikuwa tumechinjwa kwa mapanga tangu Oktoba 2014. Sasa ghafla ugonjwa unaingia, na mji unajaa magari ya wageni. Tukaulizana: miaka yote hii tunazika watu, hawa walikuwa wapi?

Kisha tarehe 26 Desemba, tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hatutapiga kura tarehe 30 pamoja na wenzetu. Sababu: Ebola na usalama. Tungoje Machi. Lakini rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, sisi bado tunangoja! Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga foleni wakajipigia kura yao ya hasira. Nami nilikuwemo. Hapo ndipo nilisema kwa sauti kubwa: "Ebola haipo. Hii iko politike tu." Nikatuma na sauti kwenye WhatsApp. Watu walinisifu sana.

Wiki mbili baadaye shangazi yangu alishikwa na homa. Alikuwa amemuuguza jirani aliyefariki. Timu ilipokuja kuwatafuta waliomgusa yule jirani, mimi ndiye nilisimama mlangoni. Nikawaambia shangazi amesafiri. Naye alikuwa chumba cha nyuma, ananisikia. Nilidhani namlinda. Siku ya nne tulimbeba wenyewe hadi kituo cha matibabu, akafa usiku uleule. Kipimo kilisema Ebola. Wengine waliofika mapema walipona.

Mimi nilichanjwa, nikafuatiliwa siku 21, kila siku napimwa joto. Siku 21 ni nyingi kwa mtu mwenye jambo moyoni.

Niligundua kwamba nilikuwa nimefunga vitu vitatu katika fundo moja. Cha kwanza: kura zetu ziliahirishwa. Hilo ni kweli, tarehe zipo. Cha pili: ziliahirishwa kwa kuwa wakubwa waliogopa tutakayemchagua. Hayo ni maoni yangu, ninayo mpaka leo, na wewe unaweza kunipinga tukabishana mpaka chai ikapoa. Cha tatu: Ebola haipo. Hayo hayakuwa maoni. Lilikuwa jambo la kupimwa, na likipimwa ni uongo. Lakini uongo huo ulipanda mgongoni mwa ule ukweli wa kwanza, ndiyo maana ulitembea haraka. Sikujua kwamba wanasiasa wanaweza kuutumia ugonjwa, na bado ugonjwa ukawepo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Mmoja wao ni shangazi.

Basi, nikamuuliza yule kaka wa kwenye foleni: "Ndugu yangu, hilo umeliona, umelifikiria, au umelisikia?" Akacheka kidogo. "Nimelisikia." Nikamwambia twende tukaulize. Tukaenda wawili kwenye meza ya malalamiko. Tukaambiwa pesa za wafadhili zimepungua. Je, ni haki mama mwenye watoto watano apunguziwe? Hapo sasa tuna maoni, na tuliyasema yote bila kuogopa.

Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, naomba jambo moja. Mkipunguza kitu, njooni mtuambie mapema nani ameamua na kwa sababu gani, hata kama jibu ni chungu. Msipokuja ninyi, uvumi utakuja. Na sisi wenzangu, hasira yetu ina haki yake. Tusiiache tu isimame mlangoni na kuwafukuza waliokuja kumwona mgonjwa.