Utepe wa Gundi ni wa Safari, si wa Makazi

Kuna makosa ambayo mtu huyatenda mchana kweupe, watu wakimtazama na kumsifu, kisha adhabu yake ikamfikia usiku, miezi mitatu baadaye. Kosa langu lilikuwa la utepe wa gundi, ule ambao mafundi huuita tepu, na ambao sisi wa Palma, kwa mazoea ya Kireno, huuita fita. Nalisimulia kwa kuwa sidhani kama iko nyumba ya askari au ya raia isiyokuwa na kipande cha utepe huo kilichobandikwa mahali.

Palma iko kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, si mbali na mto Ruvuma. Tarehe 24 Machi, 2021, mji wetu ulishambuliwa, na maelfu ya watu wakakimbia, wengine kwa miguu, wengine kwa vyombo vya baharini. Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwao. Alikwenda msituni siku tatu, na kitu pekee alichokiokoa ni cheti chake cha kuzaliwa, alichokitia ndani ya mfuko wa nailoni na kukifunga kwenye pindo la kanga. Kitambulisho chake kiliteketea pamoja na nyumba. Aliporejea, cheti kile ndicho kilichobaki kuwa shahidi wa kwamba yeye ni yeye.

Mwezi wa Oktoba, 2023, turubai tulilotandika juu ya makuti ya chumba chake lilipasuka kwa upepo, mpasuko wenye urefu wa mkono mmoja. Nilikwenda dukani nikanunua utepe mpana wa kitambaa, wenye rangi ya fedha, nikapanda juu na kuziba. Kazi haikuchukua hata robo saa. Majirani wakasifu. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta mchele, akasema bila ya kuinua macho, “Baba Amina, tanga likipasuka hushonwa.”

Nikamjibu kwa adabu, “Usiwe na wasiwasi, mama. Huu ni wa kisasa, hauhitaji sindano.”

Wala sikukomea hapo. Sanduku la bati lililohifadhi cheti chake nililizungushia kifunikoni utepe mwembamba unaong'aa kama kioo, ili vumbi na unyevu visiingie. Nililiweka juu ya kabati, chini ya paa lile lile.

Kaskazi iliingia, na mvua zikaja nayo kama ilivyo desturi ya pwani yetu. Usiku mmoja wa Januari, 2024, mvua ilinyesha tangu isha hata alfajiri. Kulipopambazuka, kipande cha utepe kilikuwa kinaning'inia kwenye makuti kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Maji yalikuwa yamepita kwenye mpasuko, yakashuka juu ya kabati moja kwa moja. Na ule utepe wa sanduku ulikuwa umekauka na kukatika vipande vipande. Nilipofungua, nilikuta maji kina cha vidole viwili, na ndani yake karatasi iliyovurugika, wino wake umekuwa wingu la buluu.

Karatasi iliyovuka vita imefungwa kwenye pindo la kanga, haikuvuka msimu mmoja chini ya fundi wangu mimi.

Mama mkwe alikuwa amepangiwa safari ya Pemba kutibiwa macho. Njia hiyo ina vizuizi, na asiye na karatasi hana la kujibu. Ikabidi tuanze upya: mashahidi wazee, barua, picha, kungoja. Miezi saba ikapita, naye macho yake yakizidi kufifia. Hakunilaumu hata siku moja. Alisema tu, “Karatasi imekwenda, mimi nipo.” Laiti angenikaripia, ningelala vizuri zaidi.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto akikosea hesabu, asifute tu. Atafute mahali alipokosea. Basi mwezi wa Mei nilichukua ubao, nikaupiga msumari ukutani upande wa bahari, nikabandika juu yake tepe za aina nne: ya karatasi, ya kung'aa, ya kitambaa na nyeusi ya mafundi wa umeme. Nyuma ya ubao, palipo na kivuli, nikabandika aina zile zile.

Ule wa karatasi haukungoja; umande na manyunyu vilitosha kuuangusha. Ule wa kung'aa uligeuka rangi ya chai, kisha ukawa unavunjika ukiguswa. Ule wa kitambaa ulianza kujikunja pembeni. Ngozi yake ya fedha ikabambuka, zikabaki nyuzi tupu. Mweusi ulidumu zaidi, lakini joto liliufanya uteleze, na gundi yake ikachuruzika kama asali. Upande wa kivulini, tepe tatu zilikuwa bado zimeshika. Hapo nilijua kwamba adui wa kwanza si mvua. Mvua huja kumaliza kazi iliyoanzwa na jua.

Sababu zake si za uchawi. Utepe ni vitu viwili: ngozi na gundi. Ngozi aghalabu ni plastiki, na ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho huikata plastiki polepole mpaka ikawa kavu kama ganda la kitunguu. Rangi nyeusi husaidia, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa ndani yake huzuia miali hiyo. Gundi nayo, katika tepe nyingi za bei nafuu, imetokana na mpira. Joto huilainisha, jua na hewa huikausha. Juu ya hayo, chumvi ya bahari hutanda juu ya kila kitu huku kwetu, na chumvi huvuta unyevu. Anayebandika utepe juu ya chumvi ameushikisha kwenye chumvi, hakuushikisha kwenye turubai. Isitoshe, turubai la plastiki lina asili ya utelezi kama kitu kilichopakwa mafuta, wala gundi nyingi hazilipendi.

Je, utepe huu ni kitu kibaya? Hasha. Tuuangalie ulikotoka. Katika vita vikuu vya pili, huko Illinois, Marekani, mama mmoja jina lake Vesta Stoudt alikuwa akifanya kazi ya kufunga masanduku ya risasi. Wanawe wawili walikuwa katika jeshi la majini. Aliona kwamba masanduku yalizibwa kwa utepe wa karatasi na nta, na kwamba kipande cha kuvutia kilikatika upesi, ikawa askari anahangaika kufungua huku adui anampiga. Akapendekeza utepe wa kitambaa usiopitisha maji. Wakubwa wa kazi hawakuharakisha. Basi mwezi wa Februari, 1943, alimwandikia barua Rais Roosevelt mwenyewe, na utepe ukatengenezwa.

Wake na mama wa askari mnaosoma ukurasa huu mtaelewa moyo wa mama yule. Lakini tuangalie pia kazi aliyoutakia utepe wake: uzuie maji mpaka sanduku lifike, kisha uchanwe upesi. Ulizaliwa kwa ajili ya safari. Sisi tumeupa makazi ya kudumu juu ya mapaa yetu, kisha twaulaumu kwa kutuhama.

Kwa hiyo, haya ndiyo niliyojifunza, nami nayatoa kwa faida ya nyumba nyingine.

Turubai likipasuka, lishone. Kata kiraka kutoka turubai kuukuu, kizidi mpasuko kwa upana wa kiganja kila upande, ukishone kwa mshipi wa kuvulia samaki. Matundu ya sindano yapakwe nta ya mshumaa. Pembe iliyong'oka tundu lake la kamba, weka kijiwe laini ndani, likunje turubai juu yake, ufunge kamba shingoni mwa kijiwe hicho. Upepo utashindwa kuing'oa.

Utepe utumie kwa dharura, ukijua ni deni. Pasafishwe kwa maji baridi ya kisima, si ya bahari, pakauke kabisa. Pembe za kipande zikatwe mviringo ili zisijikunje. Ikiwezekana uzungushwe mpaka ujishike wenyewe, maana hujishika vizuri kuliko unavyokishika kitu kingine. Kisha andika tarehe juu yake, nawe uubadilishe kabla ya kaskazi.

Waya wa umeme au wa jua ulioungwa kwa utepe usiachwe nje penye mvua. Utepe ukiteleza, waya hubaki uchi, na watoto hawajui.

Karatasi za nyumba zitiwe katika nailoni mbili, kisha katika ndoo yenye kifuniko cha kukaza, nayo isikae chini ya kiraka. Nakala iwe kwa ndugu wa mji mwingine. Na ninyi ndugu askari mnaosimama kwenye vizuizi, mkiletewa karatasi iliyovurugika wino, mkumbuke kwamba si kila iliyoharibika ni ya udanganyifu. Nyingine iliharibiwa na mkwe mwenye haraka.

Mama mkwe alipata cheti kipya mwezi wa Agosti, akaenda Pemba, na jicho moja limerudi kuona vyema. Paa lake nimelishona mwenyewe, naye alinishikia uzi. Ndoo nilimnunulia, yenye kifuniko kizuri. Humo amehifadhi kunde. Cheti chake kimo ndani ya nailoni, kwenye pindo la kanga, nami sikuthubutu kusema neno.