Kuni za Kagunga

Nimezaliwa Ujiji, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimekuwa muuguzi kwenye zahanati za mwambao wa Kigoma. Wenzangu waliohamia Dar es Salaam walinishangaa kwa kung'ang'ania huku. Jibu langu walipaswa kulitafuta Kagunga, Mei 2015.

Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mpakani kabisa na Burundi. Warundi waliokimbia machafuko ya Bujumbura walimiminika pale kwa makumi ya maelfu, wakalala ufukweni, wakanywa maji ya ziwa lile lile walilojisaidia kando yake. Kipindupindu kikaingia.

Nilipanda boti Kibirizi. Kazi yenyewe naijua hata usingizini: unafinya ngozi ya tumbo, ikibaki imejikunja, maji yamekwisha mwilini. Anayeweza kumeza anapewa ORS, dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa ili kurudisha maji mwilini; asiyeweza unamtafutia mshipa, na mshipa wa mtu aliyekauka hujificha. Kiha changu kilitosha, maana kinasikilizana na Kirundi. Usiku mmoja mama kijana alimnywesha mwanawe kwa kijiko cha chai, kijiko baada ya kijiko, mimi nikimmulikia kwa tochi ya simu. Alfajiri mtoto akakojoa, akamlowesha kanga. Mama akapiga kigelegele kwa ajili ya ule mkojo, na sote tuliokuwa macho tukamwitikia.

Watu huisifu MV Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, na inastahili: iliwabeba wakimbizi kwa mamia hadi mjini, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Lakini Kagunga haikuwa na gati la kuipokea. Ilitia nanga mbali, na maboti madogo ndiyo yaliyowafikisha watu ubavuni mwake.

Mama aliyenipa pa kulala alikuwa mkaushaji wa migebuka. Kila jioni alibandika sufuria kubwa, akachemsha maji kwa kuni zake za kukaushia samaki, akawagawia wageni. Nikamwambia, "Mama, kuni zitakwisha."

"Nitakausha samaki gani, nesi? Maboti yamebeba watu."

Mimi nilikuwa na mshahara; yeye hakuna aliyemlipa. Tangu siku ile nimetaka kazi yangu ifanane na yake. Nimestaafu sasa, na wahudumu wapya wa afya hunijia nyumbani Ujiji niwafundishe. Mimi huanza na maji: paketi moja ya ORS, lita moja, yawe safi. Wakiniuliza kuni zitatoka wapi, nawahadithia habari za yule mama.