Ngano ya Nchi ya Baridi

Neno ngano lina maana mbili, na kamusi huzitenga kama majirani wasiosalimiana: nafaka upande huu, hadithi ya mapokeo upande ule. Katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, maana hizo zilikutana kila usiku. Ajuza aliyeishi humo aliuza mahamri alfajiri; usiku, akiukanda unga kwa tui na iliki, aliwasimulia wajukuu zake.

Ngano aliyoipenda zaidi ilihusu nchi isiyo na jina, aliyoisikia kwa marehemu mumewe, baharia. Huko ardhi hufa nusu mwaka. Mbegu huzikwa kabla ya kifo hicho, theluji huifunika kwa shuka jeupe, na jua lirudipo nafaka hufufuka. Daima palikuwa na mtoto wa kuuliza, “Mbona mbegu haifi na baridi, Bibi?” Jibu halikubadilika: “Na wewe mbona walala na hufi?”

Mhakiki mwenye haraka ataitia simulizi hii katika fungu la mambo ya kubuni. Lakini elimu ya kilimo inamwunga mkono fanani. Ngano ya majira ya baridi, ilimwayo Ukraine na kusini mwa Urusi, hupandwa kabla ya theluji kuanguka. Huchipua, kisha hulala. Theluji huikinga na baridi iliyo kali zaidi. Na isipoonja baridi kwa majuma kadhaa, haitoi masuke ipasavyo. Kwa hiyo kilichopungua katika simulizi ile si ukweli, bali ni mtu. Mbegu ilizikwa, lakini hapakutajwa aliyeizika.

Upungufu huo una historia katika pwani hii. Katika karne ya 19, mashamba ya Malindi yalipeleka mtama Arabuni kwa majahazi. Watumwa ndio walioupanda na kuuvuna. Mlaji wa ng’ambo aliliona gunia tu. Wenyeji nao walikuwa na mkate wao wa mofa, wa unga wa mtama, hata ngano ikaja kama mgeni, na mgeni akaishia kuwa mwenye sinia. Leo Kenya hulima ngano Narok, Njoro na Uasin Gishu, lakini sehemu kubwa ya ile iliwayo nchini hutoka ng’ambo na kushushwa Kilindini, upande wa pili wa kisiwa hikihiki cha Mombasa.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Meli za nafaka zilikwama katika bandari za Bahari Nyeusi, na bei ya unga ikapanda. Ajuza hakuongeza bei ya mahamri; aliyapunguza ukubwa. Wateja waliyapima kwa macho wakanyamaza, na kimya chao kilimuuma kuliko manung’uniko. Usiku mmoja mjukuu alimwonyesha katika simu picha ya shamba la ngano linaloungua, na mtu amesimama kando yake.

“Na huyu ni nani?”

“Ndiye mwenye shamba, Bibi.”

Ajuza aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

Tangu hapo ngano ilibadilika. Mbegu ikishazikwa, sasa kuna mtu akaaye dirishani miezi yote akiitazama theluji, asijue kama atakuwapo siku ya kuvuna. Wajukuu walilalamika kwamba hadithi imerefuka na kwamba haichekeshi tena. Wananadharia wa fasihi simulizi hufundisha kuwa matini hubadilika kwa kufuata hadhira. Ni kweli, lakini hapa hadhira ilikuwa ileile, tena iliitaka hadithi ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba msimulizi alikuwa amejua unga ulio mkononi mwake umepita katika mikono ya nani.

Mtu yule hakumpa jina. Ila kila simulizi ilipomfikia, mikono ya ajuza iliacha kukanda.