Gitaa au Samaki

Mfupa wa mtulinga ukivunjika na kuunga vibaya, huacha kinundu. Changu kiko bega la kushoto, palepale mkanda wa gitaa unapolala. Kwa anayepiga gitaa ameketi sebuleni, hilo si jambo. Mimi napiga gitaa la pili kwenye bendi ya dansi, Ijumaa na Jumamosi, saa tatu usiku hadi saa nane, tena tumesimama. Pesa hiyo ndiyo inayomalizia ada yangu ya uzamili.

Gitaa la bendi nililokuwa nikipewa lilikuwa nakala ya Les Paul. Nililipima: kilo 4.6. Ikifika saa sita, vidole vya kushoto vinaanza ganzi, na Jumatatu naandika tasnifu kwa mkono mmoja na nusu. Daktari alisema nipumzike miezi mitatu. Kwenye bendi, miezi mitatu inatosha kabisa mtu mwingine kuizoea nafasi yako.

Basi nikaenda Kariakoo na shilingi 600,000 na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Muuzaji wa kwanza alinitazama nikitundika gitaa kwenye ndoano.

“Dada, unanunua gitaa au samaki?”

Mzee wetu wa solo hakucheka. Yeye alisikitika. “Mwanangu,” alisema, “gitaa jepesi halina sauti.” Nimeisikia kauli hiyo kwa wapigaji wengi, na huwa inasemwa kwa uhakika wa ajabu. Lakini gitaa la umeme halitegemei tumbo kama gitaa kavu. Chini ya nyuzi za chuma kuna pikapu (si lile gari), yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi ukitikisika, waya unazaa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Mchango wa mbao wapigaji wanaubishania mpaka leo. Ila miaka ya 1950 kampuni ya Danelectro huko Marekani ilitengeneza magitaa yenye uwazi ndani, fremu ya mbao iliyofunikwa kwa hadibodi, na mengine yakauzwa kwa bei nafuu kupitia katalogi za Sears kwa jina la Silvertone. Jimmy Page alipanda na Danelectro jukwaani akiwa na Led Zeppelin. Sijasikia aliyemwambia halina sauti.

Kilichonifundisha zaidi ni duka la tatu. Nilipata gitaa la kilo 2.7 na moyo ukaruka. Nikalivaa, nikaachia mikono yote miwili. Shingo ikazama taratibu kuelekea sakafuni, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Kiwiliwili kilikuwa chepesi mno, na kule kichwani kuna funguo 6 za chuma. Gitaa la namna hiyo utalishikilia kwa mkono wa kushoto usiku kucha, mkono uleule unaotakiwa kukimbia kwenye nyuzi. Mizani yangu ya samaki haikuweza kunionyesha hilo. Tangu hapo kila gitaa nililivaa, nikaachia, nikahesabu hadi 10.

Halafu kuna umeme wa baa. Pikapu ya koili moja inadaka mvumo wa nyaya za umeme, na pale tunapopigia kuna taa za kila rangi na friji tatu za bia kwenye mstari mmoja na amplifaya. Kati ya wimbo na wimbo ni kama kuna nyuki. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliunganisha koili mbili kwa namna ambayo mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Nilitaka walau pikapu moja ya hivyo.

Nikaishia kwenye Yamaha Pacifica 112 ya mtumba, rangi imebanduka kwenye kona, kilo 3.2, koili mbili karibu na daraja. Shingo ilitulia. Shilingi 520,000 baada ya mabishano. Fundi alibadilisha tundu la waya, na chenji ikanunua mkanda mpana wa ngozi, upande wa ndani ukiwa mkwaruzo ili usiteleze. Huo mkanda nausukuma nje kidogo, upite kando ya kinundu.

Mazoezini mzee alinigeuzia mgongo, akaniamuru nipige kipande kimoja kwa magitaa yote mawili. Alilitambua jepesi mara moja. “Hili chini ni jembamba,” akasema, na ni kweli. Ila chini kuna besi. Gitaa la pili kazi yake ni kule juu, kujibizana na solo, na huko uzito wa sauti unatuchafulia tu. Alinyamaza, akaomba nirudie kwa lile jepesi.

Wiki iliyopita alinivuta pembeni. “Mwanangu, Jumapili nina harusi Mbagala. Niachie hilo lako, kiuno changu hakiko sawa.”