Kutoka Binti hadi Woman

Kanda ya Binti, albamu ya Lady Jaydee, niliinunua mwaka 2003 kwa kijana mmoja aliyekuwa akizunguka na boksi la kanda stendi ya Maili Moja. Nilikuwa na miaka 16, nikiuza korosho za mama kwenye madirisha ya mabasi ya mikoani. Stendi nzima ilinijua kama binti wa mama korosho.

Jina la kanda ndilo lililonikamata. Bongo fleva ya siku zile ilikuwa ya wavulana. Wasichana wengi tuliowasikia walipewa kiitikio tu. Lady Jaydee aliimba wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho. Redio ikila mkanda, niliurudisha taratibu kwa kalamu na kuanza upya.

Akatoa Moto mwaka 2005, kisha Shukrani 2007. Mimi nikaolewa, nikazaa, na tangu siku hiyo majirani wakaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Ni heshima kubwa, na niliipokea kwa furaha. Lakini jina nililopewa na baba yangu likabaki kwenye kadi ya kliniki na kitambulisho cha mpigakura. Lady Jaydee, ambaye jina lake halisi ni Judith Wambura, yeye alizidi kuongeza majina: Binti Machozi, Komando, Anaconda.

Baada ya Nothing but the Truth ya 2013 albamu zikakatika. Katika miaka hiyo ndoa yake nayo ilivunjika. Pale saluni tulipokuwa tunasukana wapo waliosema Jide, kama tulivyozoea kumwita, kwisha. Iliniuma kama wananisema mimi.

Mwaka 2016 ukaja wimbo wake Ndi Ndi Ndi, na saluni ikanyamaza kusikiliza. Mwaka uliofuata akatoa albamu nzima, akaiita Woman.

Kwanza nilikasirika. Kwa nini Kiingereza? Mwanamke lingetosha, na mpaka leo naona hivyo. Ila nilipoyaweka majina mawili pamoja, nikaelewa safari yake. Ukisema binti, mtu anakuuliza: wa nani? Binti ni wa mzee fulani, wa mtaa fulani. Mwanamke hadaiwi jibu hilo. Kati ya majina hayo mawili imepita miaka 14, na ndani yake mtu amependwa, ameachana, amezikwa na midomo ya watu akiwa hai, kisha amerudi kuimba kwa sauti iliyotulia, isiyoomba ruhusa.

Woman niliisikilizia kwenye simu ya binti yangu. Hapakuwa na karatasi ya kukunjua wala picha ya kubandika ukutani, na hilo nimelikosa. Lakini nyimbo zilinifika. Kwangu hii ndiyo kazi yake iliyokomaa kuliko zote, ingawa ile ya 2003 ndiyo ninayoweza kuiimba yote bila redio.

Kama kwenu bado ipo kanda ya Binti, hata kama mkanda umelegea, tafadhali usiitupe.