Swali la Nyanya Kisimani

Kisima cha nyanya yangu kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, si mbali na bahari, huku kwetu Kilifi. Kila jioni nitokapo shule, kabla sijafungua daftari, huvuta ndoo sita za maji. Hapo kisimani ndipo nilipoulizwa swali lililonitoa kijasho chembamba.

Ilikuwa mwaka wa 2024. Wakazi wa Uyombo walikuwa wameandamana kupinga mtambo wa nyuklia uliopendekezwa kujengwa kwao. Baadaye mazungumzo yalihamia Siaya, lakini siku hizo kila baraza lilikuwa na lake.

"Wewe unayesoma sayansi," nyanya akaniambia, "hebu nieleze. Taka za mtambo huo zikizikwa, zitakaa huko chini?"

Nilinyamaza kama maji ya mtungini.

Kesho yake nilimwendea mwalimu wa Kemia. Akanisimulia habari za Oklo, nchini Gabon. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba urani iliyochimbwa huko ina kasoro. Urani ya aina ya 235, ambayo kwa kawaida huwa asilimia 0.720, ilikuwa 0.717. Tofauti ndogo mno, lakini hesabu ilikataa katakata. Kumbe yapata miaka bilioni 2 iliyopita, urani hiyo ilifanya kazi ya mtambo yenyewe ardhini, ikisaidiwa na maji, kwa mamia ya maelfu ya miaka. Hakuna binadamu aliyeiwasha! Na taka zake je? Plutoni haikusogea ila kidogo sana. Udongo wa mfinyanzi ulisaidia kuishika hadi ikageuka kuwa urani. Iodini nayo haishikwi na udongo kwa urahisi, kwa hivyo ilikwenda zake.

Jamani, nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nikamweleza nyanya yote, nikaongeza na ya Ufini, ambako wamechimba mahandaki ya zaidi ya mita 400 kwenda chini ili taka zitiwe ndani ya mitungi ya shaba na kuzungushiwa udongo unaovimba ukilowa.

"Kwa hivyo zitakaa, nyanya."

Akaokota jiwe lililotoka kisimani tulipokichimbua, lenye matundu kama sega la asali. Akalimwagia kata ya maji. Maji yakapita, yakanilowesha miguu.

"Huko kuna udongo na mwamba mgumu, mjukuu wangu. Hapa je? Bahari ikijaa bamvua, kisima hupanda. Kiangazi kikizidi, tunakunywa chumvi. Ni nani anayeyaleta maji hayo?"

Sikuwa na la kusema. Maji yale nimeyavuta tangu utotoni, wala sikuwahi kujiuliza yanapita wapi.

Nikamrudia mwalimu. Safari hii hakucheka. Alisema kule Nevada, Marekani, bomu lilijaribiwa chini ya ardhi mwaka wa 1968. Miaka kama 30 baadaye plutoni yake ilipatikana katika maji ya kisima cha utafiti, kilomita 1.3 kutoka pale. Haikuyeyuka, la. Ilidandia chembe ndogo sana za udongo na madini zinazoelea majini, kama sisi tunavyodandia matatu asubuhi. Udongo ule ule niliousifu kwa kushika, ukisagika mno huweza kubeba! Hapo ndipo nilipokoma kujibu harakaharaka.

Jioni hiyo nilimpelekea nyanya habari hizo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniagiza nitafute chokaa. Tukachora mistari kwenye ukuta wa kisima. Sasa kila Jumamosi naandika maji yamefika mstari gani, bahari imejaa au imekupwa, na yeye anaonja chumvi. Juma lililopita alisema ni kali kuliko mwezi jana, ingawa mvua ilinyesha. Nimeliwekea alama ya kuuliza, na daftari nimempa mwalimu alitazame.